BARAZA YA MAALIM: Je, Hali Zetu Zimepata Nafuu?



Mwezi uliopita, darasa la Alasiri lilipokwisha, kijana mmoja katika wanafunzi wangu wakubwa, ambaye baba yake huendesha tuktuk hapa Mombasa, alinyanyua mkono akauliza suala ambalo halikuwamo kitabuni. Alisema, "Maalim, wewe umeishi chini ya marais wengi. Je, watu wa kawaida wana nafuu chini ya Serikali hii, au walikuwa na nafuu zaidi chini ya zile zilizopita?" Wenzake waliokuwa wakivaa viatu mlangoni wakasimama wasikie. Nami, kwa kuwa wakati ulikuwa mchache na Magharibi i karibu, nilimpa jibu jepesi. Nikamwambia, "Mwanangu, tushukuru kwa tulicho nacho. Kulalama hakujazi chungu." Watoto wakaitikia kwa heshima, wakenda zao.

Siku ya pili yake mama wa kijana yule akaja madrasa. Alikuja kuomba ada ya mwanawe ingoje mpaka mwisho wa mwezi, na hilo halina neno, kwa kuwa si yeye peke yake aombaye hivyo siku hizi. Lakini alipokuwa akiondoka aligeuka, akasema kwa upole, "Maalim, niwie radhi. Kushukuru twashukuru. Lakini mwanangu hakukuuliza khabari za Mungu, alikuuliza khabari za Serikali."

Wasomaji wangu, neno hili lilinikaa moyoni siku nyingi. Mama yule alikuwa na haki, nami mwalimu wake nilikosa. Nilichanganya mambo mawili yasiyochanganyika: shukrani ya mja kwa Muumba wake, na hisabu ya raia kwa aliyekabidhiwa mali yao. La kwanza ni wajibu wetu katika shibe na katika njaa. La pili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mtu akiweka fedha zake kwa tajiri, kisha akaenda kuuliza zimefanyiwa nini, tajiri hawezi kumjibu, "Mshukuru Mungu kwa afya yako." Hilo litakuwa jibu la mtu aliyekula amana.

Wanahistoria wetu wamesimulia khabari za Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 wa Hijra, ilipokatika mvua katika Bara Arabu na ardhi ikawa kama jivu. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alijizuia samli na vyakula vizuri mpaka watu wapate, rangi ya uso wake ikageuka. Aliwahimiza watu kutubu na kuomba mvua, ndiyo. Lakini hakukomea hapo. Aliwaandikia magavana wake walete chakula, na chakula kikaja kwa misafara. Na kuna kisa kile ambacho kila mtoto wa chuoni akijua, cha mwanamke aliyeweka sufuria motoni usiku haina chakula ndani, ili watoto wake wadhani chakula chapikwa wapate kulala. Umar alimpitia naye asimjue ni nani, na mwanamke yule akamshitaki Umar kwa Mungu mbele ya Umar mwenyewe. Je, alimwambia, "Wewe mama huna shukrani"? Hasha. Alikwenda mbio kwenye ghala akajitwika unga mgongoni kwake mwenyewe, akakataa mtumishi wake ambebee.

Basi na tulirudie suala la kijana, tulijibu kama lilivyostahili kujibiwa. Serikali tuliyo nayo hapa Kenya ilishika hatamu tarehe 13 Septemba 2022. Tuipime kwa kipimo gani? Kila mtu ana kipimo chake. Wakubwa watupimia kwa kilomita za barabara, na wapinzani wao watupimia kwa makelele. Mimi nitachukua kipimo cha Sura ya Kuraish, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema kwa ufupi wake. Sura hiyo yataja neema mbili ambazo watu wa Makka walipewa, chakula mahali pa njaa na amani mahali pa hofu. Mji wenye viwili hivyo una nafuu, na ukikosa kimoja una upungufu, hata ukijengwa maghorofa.

Na tuanze na chakula. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Serikali iliyotangulia iliishusha kwa ruzuku mpaka shilingi 100 katika mwezi wa Julai, majuma machache kabla ya uchaguzi, na kila mwenye akili aliijua tarehe ile ilikuwa na maana gani. Serikali mpya iliacha kutoa ruzuku katika unga, ikaitia katika mbolea, hata mfuko wa kilo 50 ukauzwa shilingi 2,500 kufika mwaka 2023. Mvua zilipokuja na mavuno yakawa mazuri, bei ya unga ilishuka mwaka 2024. Hili ni jambo la kweli, na asiyelisema kwa sababu ya chuki yake adhulumu. Lakini sukari katika mwaka 2023 ilipita shilingi 200 kwa kilo. Na petroli, ambayo mwezi wa Agosti 2022 ilikuwa shilingi 159 kwa lita huko Nairobi, ilipita shilingi 200 mwezi wa Septemba 2023, baada ya kodi yake kupandishwa kutoka 8 kwa mia hadi 16 kwa mia mwezi wa Julai. Ikashuka baadaye, illa hata mwaka 2025 haikurudi pale ilipotoka. Baba wa kijana yule mwenye tuktuk hahitaji kusomewa gazeti kulijua hilo.

Hapa kuna jambo ambalo huwatatiza wengi, nalo yafaa lielezwe polepole, khasa kwa vijana. Wakubwa hutangaza kwamba kupanda kwa bei kumeshuka, kutoka 9.6 kwa mia mwezi wa Oktoba 2022 hadi 2.7 kwa mia mwezi wa Oktoba 2024. Mama sokoni husikia maneno haya akasema, "Waongo hawa, mbona vitu bado ghali?" Wote wawili wasema kweli. Kitu kilichokuwa shilingi 100, kikipanda 9.6 kwa mia katika mwaka, huwa karibu shilingi 110. Mwaka mwingine kikipanda 2.7 kwa mia, hufika karibu shilingi 113. Kilichopungua ni mwendo wa kupanda, wala si bei yenyewe. Ile 110 haikurudi 100. Mfano wake ni mtu apandaye ngazi: mwanzo alikuwa akikimbia, sasa aenda pole, lakini bado yupo juu naye bado apanda. Ikiwa mshahara wa mume umebaki chini kwenye kipago cha kwanza, mama huyo ana haki ya kutosikia nafuu yoyote.

Mshahara wenyewe nao tuutazame, maana watu wetu wengi bandarini na madukani wameajiriwa. Mtu apataye shilingi 30,000 kwa mwezi, mwaka 2022 alikatwa shilingi 900 za ile Bima ya Taifa ya Hospitali, na shilingi 200 za akiba ya uzeeni. Jumla yake 1,100. Mwaka 2025 mtu huyu huyu alikatwa shilingi 825 za Bima mpya ya Afya iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, shilingi 450 za nyumba za bei nafuu, na shilingi 1,800 za akiba ya uzeeni; jumla yake 3,075. Tukitaka insafu tuseme pia kwamba bima yenyewe imempungukia huyu, kwa shilingi 75, na mwenye mshahara mkubwa ndiye aliyeongezewa. Tuseme pia kwamba akiba ya uzeeni ni fedha yake mwenyewe inayomngoja. Na tangu Desemba 2024 makato haya huondolewa kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa, hivyo kidogo humrudia. Juu ya hayo yote, fedha aletayo nyumbani mwisho wa mwezi ni chache kuliko zamani, na mwenye nyumba hapokei kodi kwa ahadi ya uzeeni.

Na asiye na mshahara? Muuza mahamri, mvuvi, fundi wa majahazi? Hawa zamani walilipa shilingi 500 kila mwezi kwa ajili ya hospitali. Chini ya mpango mpya mtu hupimwa uwezo wake, na kima cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, jambo ambalo kwa maskini ni afadhali. Walakini aliyebuni mpango huu alitaka alipwe mchango wa mwaka mzima mara moja, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Sijui kama bwana huyo amewahi kuishi na mtu alaye alichokipata leo. Mvuvi wa huku aweza kutoa 300 mwezi hata mwezi kwa miaka ishirini, lakini 3,600 kwa mkupuo mmoja hana, wala baba yake hakuwa nazo.

Wazee wenye miaka 70 na zaidi, walioanza kupewa shilingi 2,000 kwa mwezi mwaka 2018, mwaka 2025 walikuwa wangali kwenye 2,000 zile zile. Hii ni sadaka njema ambayo kila mwaka yaliwa na bei bila ya mtu kuigusa.

Wengine huuliza: kwa nini Serikali isipange bei za vitu vyote yakesha? Suala hili ni la kale. Imepokewa na Anas bin Malik kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, naye akakataa kwa kuogopa kumdhulumu mtu katika mali yake. Lakini wanazuoni, na miongoni mwao ni Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba, wamefafanua kwamba hayo ni pale bei ipandapo kwa uchache wa vitu au wingi wa wanunuzi. Ama ipandapo kwa sababu matajiri wameficha bidhaa maghalani, mtawala aweza kuwalazimisha wauze kwa thamani ya haki. Hivyo yampasa mtawala kwanza ajue ni ipi kati ya hizo mbili. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022, na ukame wa misimu mitano mfululizo kutoka 2020 hadi 2022, havikuletwa na Rais yeyote wa Kenya. Deni la nchi, ambalo lilipita shilingi trilioni 10 mwaka 2023, lilikopwa na wengi kwa miaka mingi, na baadhi ya waliokuwamo zamani wamo na sasa. Ama kodi ya petroli ilipandishwa kwa mkono wa binadamu, na mkono huo una jina na sahihi.

Sasa tuje kwenye neema ya pili, nayo ni amani mahali pa hofu.

Mimi nilisoma shule ya msingi zama za Rais Moi. Tulikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, na mpaka leo nikiyakumbuka nasikia utamu wake. Wazee wa rika langu hupenda kusimulia maziwa yale, lakini husahau kusimulia kwamba barazani palikuwa na watu ambao wakikaa, mazungumzo hugeuzwa yakawa ya mpira. Baba yangu alikuwa akishusha sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na mwalimu aliyetaka kusema niliyoyaandika katika ukurasa huu angefikiri mara saba, kisha asingeandika. Ni kasoro ya sisi wazee kwamba hukumbuka bei ya mkate wa zamani, tusikumbuke mshahara wa zamani, wala hofu ya zamani.

Vijana wa leo hawashushi sauti. Mwezi wa Juni 2024, Serikali ilipopeleka Bungeni mswada wa kodi mpya, walitoka kwa maelfu katika miji mingi, na Mombasa ikiwamo. Tarehe 25 waliingia Bunge lenyewe huko Nairobi, risasi zikalia, wakafa watoto wa watu. Siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Kwa namna moja hii ni dalili ya nafuu kubwa: raia wamesema, na mtawala amesikia. Lakini baadaye kukaanza khabari za vijana kuchukuliwa majumbani na njiani na watu wasiojulikana. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 kutoka Juni hadi Desemba 2024.

Nchi nzima ilishituka. Sisi Waislamu wa Pwani tulisikitika, lakini hatukushituka sana, kwa kuwa jambo hili twalijua tangu miaka ya 2012 na 2014. Hapa petu kuna akina mama ambao kila gari likisimama usiku huinuka kitandani, wakidhani labda amerudishwa. Hawa tuliwapa pole kimyakimya wakati ule, na wengi wetu, nami nikiwamo, tulisema, "Huenda alikuwa na lake." Mungu atusamehe. Dhuluma tulipoiona mlangoni kwa jirani tuliifanyia tafsiri, na sasa twaona yapita nyumba kwa nyumba.

Kwa upande mwingine kuna hofu moja ambayo, kwa haki, imepunguzwa. Kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu wa kaskazini, na mara nyingi wa huku Pwani pia, akienda kuomba kitambulisho huulizwa asiloulizwa mwenzake. Ataletwa mbele ya jopo, ataambiwa alete hati za babu yake, na babu alizaliwa kabla ya kuwa na hati. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba mchujo ule umekwisha. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai 2023, ndugu zetu Wapemba walioishi Kilifi na pwani yetu kwa vizazi kadhaa bila ya uraia, wavuvi hodari wasioweza hata kupata leseni ya uvuvi kwa jina lao, walitambuliwa rasmi kuwa Wakenya. Utekelezaji wake watofautiana kwa ofisi na ofisi, na karani bado ni karani. Lakini mtu asiyewahi kuishi bila ya kitambulisho hawezi kujua uzito wa jambo hili. Bila ya kadi ile huna kazi, huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, na askari akikusimamisha huna la kusema.

Hivyo basi, kijana wangu, jibu nililopaswa kukupa ni hili. Katika unga, nafuu ilikuja. Katika petroli, nauli na makato ya mshahara, mzigo umezidi. Katika kusema, mna uhuru ambao sisi hatukuwa nao, lakini wako waliousemea wakapotea. Katika vitambulisho, mlango uliofungwa umefunguliwa kiasi. Mtu akikuambia kila kitu ni kizuri, tazama amekaa wapi na alifuturu kwa nani Ramadhani iliyopita. Twawajua baadhi ya masheikh ambao lugha yao hubadilika baada ya kualikwa. Na akikuambia kila kitu ni kibaya, muulize anagombea kiti gani mwaka 2027.

Jambo moja zaidi nataka kulitaja, nalo haliko katika hisabu yoyote ya Serikali. Ukitaka kujua kama watu waona nafuu, usiwaulize. Watazame wanawapangia nini watoto wao. Katika mtaa wetu, wazazi wasioweza kumpeleka binti yao peke yake hata Malindi sasa wamwombea pasi ya kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kwa watu wasiowajua, miaka miwili. Hawafanyi hivyo kwa kukosa mapenzi. Wapo waliorudi salama wakajenga, na wapo waliorudi katika hali ambayo haifai kuandikwa katika gazeti la familia. Mzazi aonaye kesho yake ni njema hapa hapa hamtoi mwanawe kiasi hicho.

Niliporudi darasani juma lililofuata, niliwaambia wanafunzi mbele ya kijana yule kwamba jibu langu la kwanza halikuwa sawa, nikawaeleza kwa ufupi haya niliyoyaandika. Kisha nikawapa kazi: kila mmoja akawaulize wazazi wake suala lile lile, aandike jibu bila ya kuongeza wala kupunguza. Majibu mengi yalikuwa mafupi, na mengi yalikuwa ya aina moja, kwamba mambo ni magumu. Baba mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya bei ya vipuri vya gari. Mama mmoja alijibu, "Muulize Maalim kwanza ada imeongezwa au haikuongezwa," na kweli iliongezwa mwezi wa Shawwal, kwa kuwa umeme nao umepanda.

Waliosema wana nafuu walikuwa wachache. Mmoja wao ni mvuvi wa asili ya Kipemba, asiyejua kuandika, akamsomea mwanawe aandike kwa niaba yake. Alisema samaki ni wachache na mafuta ya mashine ni ghali kuliko zamani zote. Lakini akasema kwamba zamani askari wa doria wakitokea baharini alikuwa akizima mashine na kulala chini ndani ya mashua, na sasa huendelea kuvua.